Kulala Huandikwa kwa L

Bungoma
Jumapili, 13 Februari 2005

Kwako Sista Wahu, wodi ya akina mama, Kitale,

Shika kiti ukae, maana salamu hizi nimezishindilia kwa goti kama gunia la mahindi. Ni mimi Wilkista. Pengine umenisahau, akina mama wanaopita mikononi mwako ni wengi. Mimi ni yule wa kitanda cha dirishani, mwezi wa kumi na moja, bibi ya Wekoye aliyekuwa kibarua kwa shamba la mahindi kule Kwanza. Yule aliyekaa na uchungu siku mbili, mtoto akakataa kutoka, nikapasuliwa. Uliingia na mimi kwa chumba cha upasuaji ukanishika mkono, ukaniambia, "Wewe hesabu mbao za dari, mimi nitahesabu vidole vya mtoto." Nilifika ubao wa tisa usingizi ukanibeba. Nilipoamka ukasema vidole viko kumi, hakuna hata kimoja kilichobaki ndani.

Msimu ulipoisha Wekoye aliachishwa kibarua, tukarudi kwao hapa Bungoma. Sasa anavusha vitunguu pale mpakani Lwakhakha. Tunaishi na mama yake, tunamwita Kukhu, ni nyanya wa Kevin. Kevin mwenyewe amenona mpaka shingo imepotea. Kazi yake ni mbili tu, kunyonya na kurara.

Sijasahau maneno uliyoniambia siku ya kutoka. "Mama Kevin, kovu hilo si la kuchezea. Wa pili usizae nyumbani, usizae zahanati. Uje hapa hapa, nimpokee mimi mwenyewe." Nilimwambia Wekoye, akasema huyo sista ni mtu.

Kuku niliyekuahidi yuko hapa. Tumemfunga uzi mwekundu mguuni, na Kukhu amekatazwa kumchinjia mgeni yeyote, hata pasta.

Ni mimi,
Wilkista, Mama Kevin


Kitale
2 Machi 2005

Kwako Mama Kevin,

Nitakusahau aje? Watu wakiamka kutoka upasuaji huuliza maji, huuliza mtoto. Wewe uliniuliza kama nimekula.

Kiti unachoniambia nishike hakuna. Kimekaliwa na mama aliyejifungua asubuhi, kwa sababu vitanda vimejaa wawili wawili. Kwa hivyo barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, mgongo ukutani, na nilicheka mpaka wagonjwa wakaniuliza kuna nini. Kevin "anarara"? Dada, kulala huandikwa kwa l. L zenyewe ni mbili! Lakini usione haya. Hata mama yangu Tabby pale Kwanza husema hivyo hivyo, mimi nilinyooshwa ulimi chuoni.

Umefanya vizuri kuniandikia. Hapa watu wakipona hawarudi, na wasiopona ndio ninaowaona hata nikiwa nyumbani nimefunga macho. Barua yako nimeiweka mfukoni mwa yunifomu.

Huyo kuku asinenepe sana, nitashindwa kumla.

Sista Wahu


Bungoma
Jumapili, 27 Novemba 2005

Sista Wahu,

Mwalimu wangu wa darasa la tatu, Wepukhulu, alinichapa mpaka l na r zikakaa mahali pao, kila neno isipokuwa hilo moja. Hilo lilimshinda, akaniacha nalo. Kwa hivyo mimi nitaendelea kurara, na nyinyi watu wa Kwanza mwendelee kuita chai shai. Nani atamcheka mwenzake?

Sasa sikia. Miezi miwili sijaona siku zangu, na asubuhi harufu ya vitunguu vya Wekoye inanifukuza jikoni. Nimehesabu kwa kalenda ya kanisa nikapata mwisho wa mwezi wa sita. Nilifurahi, halafu nikashika kovu langu nikaogopa. Nikakumbuka wewe nikaacha kuogopa.

Kukhu anasema ati yeye alizaa tisa chini ya migomba na hakuna sista aliyemshika mkono. Nikamuuliza, "Na wako wangapi?" Akaniangalia. Akasema, "Watano." Tangu siku hiyo hasemi tena habari ya migomba.

Niambie tu neno moja, ndio. Utakuwa wodini mwezi wa sita? Nilijaribu kukupigia kwa kibanda cha simu cha Zachary, nikaambiwa mteja hapatikani kwa sasa. Ndiyo maana naandika.

Mama Kevin na mtu mwingine


Kitale
15 Desemba 2005

Mama Kevin,

Hongera. Anza kliniki mapema, meza vidonge vya damu hata kama vinakuchafua roho, na mwambie Wekoye ndoo za maji sasa ni kazi yake. Mwezi wa sita usingoje uchungu. Njoo siku kumi kabla. Hilo usilifanyie mchezo.

Unisamehe, sina maneno mengi. Wiki hii tulipoteza mama mmoja. Nilikuwa peke yangu zamuni.

Nina jambo la kukuomba. Mwezi wa kwanza nakwenda Nairobi kufanya mtihani. Ni mkubwa, na nimesomea jikoni kwa mama, kichwa kikiwa kimechoka. Wewe Mungu anakusikia, nilikuona siku ile. Niombee nipite.

Sista Wahu


Bungoma
Jumapili, 26 Februari 2006

Sista Wahu wetu,

Tumekuombea! Sikuomba peke yangu. Nilisimama kanisani nikasema kuna sista wa Kitale ambaye kama si yeye mimi ningekuwa kaburini na Kevin mgongoni, na ana mtihani. Akina mama walifunga siku tatu. Edinah, jirani yangu ambaye hupenda chakula kuliko injili, alifunga mpaka akaanguka kisimani. Tulikuwa tunasema, Bwana, mfungulie mlango huyu mtoto wako. Hata sasa tunasema hivyo kila Jumatano.

Mimi nimeshajua ni mtihani wa nini, usinifiche. Wanataka kukufanya mkubwa wa masista wote. Utakapokuwa mkubwa utawaambia waongeze vitanda, na wewe mwenyewe upate kiti.

Tumbo limetoka mbele kama sufuria. Huyu anacheza kuliko Kevin. Zahanati yetu hapa kijijini imefungwa kufuli. Ilikuwa na sista mmoja, Jepkoech, naye ameenda Botswana. Mlangoni wameandika kwa chaki, "Sista hayuko," ile mvua ya juzi ikafuta "hayuko." Sasa imebaki "Sista" peke yake, watu wanakuja, wanasoma, wanakaa kungoja. Nimecheka na nimesikitika. Kliniki naenda mbali sasa, nusu ya siku kwa miguu, lakini naenda.

Mimi sina wasiwasi. Niko na wewe.

Mama Kevin


Kitale
30 Machi 2006

Mama Kevin,

Nimepita. Waambie akina mama asante, na Edinah ale sasa.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine niliyoikunja. Usiipoteze. Iweke pamoja na kadi ya kliniki, na utakapofika hapa mpe sista yeyote utakayemkuta zamuni, kabla hujavua hata kitambaa cha kichwa. Nimeandika: "Mama huyu alipasuliwa Novemba 2004. Asiachwe asukume. Aandikwe upasuaji mapema. Tafadhali. Wahu."

Nina mengi ya kukuambia, lakini kila nikianza kalamu inakwenda kando. Nitakuandikia vizuri.

Jitunze. Nakupenda kama dada niliyezaliwa naye.

Wahu


Bungoma
Jumapili, 4 Juni 2006

Sista Wahu,

Uliposema utaandika vizuri nilingoja. Miezi miwili sasa. Nikajua ni ukubwa mpya umekushika, si kosa.

Nitakuja tarehe ishirini. Mfuko uko tayari: kanga mbili, sabuni, shati kuukuu la Wekoye la kufungia mtoto. Karatasi yako nimeishonea kwa pindo la rinda ili isipotee. Lakini nilijiuliza, kwa nini nimpe sista yeyote na wewe uko? Wekoye akasema, "Si pengine atakuwa amekwenda kula?" Tukaona ni hivyo.

Kuku nitakuja naye. Ameangua vifaranga kumi na mmoja, amekuwa mama mzee, lakini uzi mwekundu bado uko.

Kukhu ametengeneza uji wa wimbi nikubebee, anasema masista wa Kitale wanakonda kwa kusimama. Basi tutaonana. Wewe utahesabu vidole, mimi nitahesabu mbao, na safari hii nitafika ishirini.

Mama Kevin


Leicester, Uingereza
18 Juni 2006

Mama Kevin,

Utaona stempu kabla ya kuona maneno, na utakuwa umeshajua. Niko huku tangu tarehe tisa mwezi wa tano.

Mtihani ule ulikuwa wa huku. Nilikuomba uniombee nikakuficha ninaomba kwenda wapi. Niliandika barua nne za kukuambia, nikazichoma zote kwa jiko la mama. Mtu anayekuambia "niko na wewe," unamwambia aje kwamba hauko naye?

Watu watasema ni pesa. Sitakataa. Baba yangu Ngige ana watoto wanne nyuma yangu, na shamba halina tena pa kukata. Lakini nikuambie la kweli. Yule mama tuliyempoteza Desemba aliitwa Nyambu. Akina mama watatu walizidiwa na uchungu kwa saa moja, na mimi ni mmoja. Nilichagua wawili. Wa tatu alikuwa yeye, na alikuwa na kovu kama lako. Barua yako ya kunipa habari ya mimba ilikuwa mfukoni mwangu. Nikaona siku inakuja ambayo nitasimama katikati ya vitanda na mmoja wao ni wewe. Nilishindwa kuingoja siku hiyo.

Na huko sokoni Kitale kuna Chepkorir, tuliyesoma naye darasa moja. Ana cheti kama changu, anauza mitumba, kwa sababu hakuna anayeajiriwa. Mimi natoka, yeye haingizwi. Sijui nani alipanga hivyo.

Hapa nalinda wazee wanane. Nawaosha, nawageuza, nawalisha. Glavu ni za mtu mmoja, halafu unatupa. Siku ya kwanza sikuweza kuzitupa. Niliziosha nikazianika kwa bomba la maji ya moto, wakaniita kuniuliza kama niko sawa.

Naomba barua hii ikute umeshajifungua. Ulipeleka ile karatasi? Niandikie hata neno moja. Hata ukinitukana nitaisoma.

Wahu


Bungoma
Jumapili, 23 Julai 2006

Sista Wahu,

Barua yako imefika. Nimeelewa.

Nilikwenda Kitale tarehe ishirini. Karatasi niliipeleka. Nilipasuliwa, mimi nimepona. Ni msichana. Vidole kumi, nilihesabu mwenyewe. Nimempa jina lako, Wahu. Kukhu alitaka kusema jambo kuhusu jina la ukoo, kisha akanyamaza.

Amerara.

Siwezi kuandika mengi, maziwa yananiuma. Kuku nilimwachia sista aliyekuwa zamuni.

Wilkista


Leicester
20 Agosti 2006

Mama Kevin, Mama Wahu!

Nimeisoma barua yako kwa ngazi, kwa basi, na chooni kazini. Msichana! Na jina langu! Nilimwambia bibi mmoja ninayemtunza, ana miaka tisini na mmoja, hana mtoto wala mjukuu anayemtembelea. Akaniambia nimletee uzi. Ameshona sweta kwa vidole vilivyopinda, ya manjano, siku kumi na nne. Nimeitia kwa furushi hili. Itakuwa kubwa kidogo, lakini ataikulia.

Na bado "amerara"! Nilicheka nikalia pamoja. Niliisikia sauti yako kabisa, kama umeketi kwa kile kitanda cha dirishani. Mwache alale, mtoto anayelala ni mtoto anayekua. Maziwa yakikuuma usiogope, ni kwa kuwa yamejaa. Mnyonyeshe mara kwa mara, usingoje alie. Ukikanda kwa kitambaa cha maji moto yatashuka.

Sikujua kama ningeweza kulala tena mimi mwenyewe. Tangu barua yako nalala. Umenisamehe, sivyo? Mtu hampi mtoto jina la mtu ambaye hajamsamehe.

Nitumie picha yake.

Wahu wenu


Bungoma
Jumapili, 1 Oktoba 2006

Sista Wahu,

Furushi limefika. Zachary alilileta mwenyewe kutoka posta kwa baiskeli, akaketi kutaka kuona vitu vya Uingereza. Nilipotoa sweta akasimama akatoka bila kuaga.

Sikutaka kukudanganya. Siku ile mkono uliandika neno moja, amerara, ukakataa mengine. Nilidhani utaelewa, kwa vile hata nyinyi mtu akienda mnasema amelala katika Bwana. Lakini wewe unanijua kwa lile kosa langu, ukalicheka, ukapita. Kosa si lako. Acha nikuambie sasa, polepole.

Nilifika wodini saa mbili asubuhi, uchungu ulikuwa umenikutia njiani, karibu na Webuye. Nilikuta sista mmoja, Chepchumba, akina mama arobaini. Alikuwa anaosha glavu kwa beseni. Nilipasua pindo la rinda nikampa karatasi. Akasema, "Huu ni mwandiko wa Wahu." Nikamuuliza, "Yuko wapi, amekwenda kula?" Akaniangalia sana. "Mama, Wahu aliruka na ndege mwezi jana." Nikacheka. Nilidhani ni mzaha wa masista.

Chepchumba aliniandika wa kwanza, usimlaumu. Lakini sista wa chumba cha upasuaji alikuwa amebaki mmoja, wengine wawili wamekwenda kama wewe, na huyo mmoja alikuwa kwao kuzika mama yake. Walimtumia mtu. Aliacha kaburi halijafunikwa, akaja na matope kwa viatu. Ilikuwa saa kumi jioni. Nilikuwa nimehesabu zile mbao zote za dari, nikarudia, nikarudia. Ni sitini na nne.

Mtoto alilia mara moja tu, sauti ndogo, kama mtu aliyepiga hodi akasikia nyumba haina mtu. Chepchumba alimpuliza kwa mdomo mpaka akaishiwa pumzi yeye. Baadaye niliomba nipewe, wakanipa, nikahesabu vidole.

Nilikukasirikia wiki tatu, nisikufiche. Nilimkasirikia na Mungu, kisha nikaona kwamba yeye alitupa kile tulichomwomba. Tulisema amfungulie mlango mtoto wake. Akina mama walifunga siku tatu, na hakuna aliyeuliza mlango unafunguka upande gani. Edinah aliposikia alilia kuliko mimi. Jumatano sasa tunaimba tu.

Lakini siku nilizolala pale nilimwona Chepchumba. Hakuketi. Chakula alikula akitembea. Na chini ya meza yake kuna kitabu kikubwa, anakifungua kurasa mbili halafu mtu anapiga kelele anakifunga. Siku ya kutoka nilimpa kuku wako. Akashukuru, akanishika mkono, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Kevin, nasikia wewe unajua kuomba. Nina mtihani mwezi wa kumi na moja."

Nilimwambia nitaomba. Sijaomba bado. Kila nikipiga magoti namwona amesimama katikati ya vile vitanda, na sijui nimwombee nani, yeye au mwenye kitanda.

Wewe usirudi kwa ajili yangu. Ukirudi leo utakuta foleni ile ile na wewe ni mmoja. Mtunze huyo bibi, umwambie vidole vyake vimeshona vizuri. Usimwambie mengine, ana miaka tisini na mmoja. Mimi nitazaa tena, Mungu akinipa, na kabla ya hapo nitamtafuta huyo Chepkorir kwa mitumba yake nijue nyumba yake. Kevin anakua. Anataka kuvaa sweta, haimtoshi, anaivuta juu ya kichwa anazunguka nayo uani kama kofia. Kukhu alitaka kumnyang'anya, nikasema amwache.

Jana ameniuliza sweta ni ya nani. Nikamwambia ni ya dadako Wahu.

"Yuko wapi?"

Nikamwonyesha pale karibu na migomba ya Kukhu. Amelala, Sista. Leo nimeandika kwa l, zote mbili.

Ni mimi,
Wilkista, Mama Wahu